Mkebe wa Uani

Mfagiaji wa makumbusho madogo ya njia ya Msambweni hufagia akiwa ameinama, mkono mmoja kiunoni, akivuta uradi kwa sauti ya chini. Wageni wa mchezo wa kusaka vilivyofichwa huja wakifuata ramani za simu zao kutafuta mkebe uliofichwa uani, wapate kuandika majina katika kidaftari kilichomo. Wakimwuliza ulipo, hujibu, "Macho mnayo, wanangu," kisha huwapa mgongo wasimwone akitabasamu.

Jumamosi moja aliona tundu la ukutani, mlimofichwa mkebe, li tupu. Wakata nyasi walikuwa wameutupa mkebe jaani. Na langoni alikuwa amekwisha kufika Biasha, mshonaji wa Kona ya Musa, pamoja na wenzake wa chama, waliokuwa wameukosa mwezi uliopita.

"Shikamoo, mama. Leo hatuondoki bila huo mkebe," alisema Biasha.

"Marahaba. Anzieni ndani, mkaone ngoma za kale."

Walipoingia, alizunguka nyuma, akazama katika majivu ya jaani hadi magotini, akaufukua chini ya makumbi ya nazi. Aliupangusa kwa leso yake, akaurudisha tunduni.

Baadaye vigelegele vilipopaa uani, alijikokota taratibu na ufagio wake, miguu myeupe kwa majivu.

"Kwani mmeokota nini?" aliuliza.