Waleti ya Wezi

Mkono wangu wa kulia haujui kutulia. Kanisani unapapasa mfuko wa nyuma wa suruali. Kwenye foleni ya teksi unapapasa mfuko wa mbele. Nikisimama kwenye robot kungoja taa ya kijani, unapanda kifuani. Ni ugonjwa nilioupatia Johannesburg, na dawa yake nimeitafuta kwa kubadili kila aina ya kitu cha kubebea pesa.

Nilianza na kibegi cha kiunoni. Kinameza kila kitu, simu, funguo, karatasi za ukimbizi, lakini kinawatangazia wapita njia kwamba mali yote iko hapa mbele ya tumbo. Nikahamia kwenye kipochi chembamba cha kadi. Hicho ni chepesi hata unasahau kama unacho, na kusahau ndiko kulikonitesa: nilijipapasa mara mbili zaidi. Tena kina dharau, noti hakiipokei mpaka uikunje mara nne. Mwisho nikaangukia kipochi cha kitambaa kinachoning'inia shingoni ndani ya shati. Kinalowa jasho, kinawasha, na ukitaka kulipa nauli lazima ufungue vifungo mbele za watu. Lakini hicho ndicho nilichobaki nacho.

Waleti ya ngozi ilikuwa shida ya peke yake. Mke wangu, ambaye ni msusi mjini kati, alininunulia mwaka tuliofunga ndoa. Ngozi halisi ya kahawia, inakunjwa katikati, ina kijimfuko cha sarafu chenye kifungo. Nzuri mno! Ukiitia mfuko wa nyuma inatuna, na mwizi anaiona kabla hajauona uso wako. Kwa sababu hiyohiyo nikaipa kazi nyingine bila kumwambia mwenye zawadi. Wengi wetu walinzi tunatembea na waleti mbili, moja yetu, moja ya wezi. Ya wezi unaitia kadi za benki zilizokwisha muda na noti ya randi ishirini. Ukikabwa unaitoa upesi, yanakwisha. Ya mke wangu ndiyo ikawa ya wezi, na tangu siku niliyoiandaa sikuifungua tena. Kila asubuhi niliitia mfukoni kwa mbwembwe mbele yake, aone ninavyoithamini. Niliomba asijue kamwe.

Walinikaba asubuhi, jua limeshatoka, nikitembea kutoka kwetu Turffontein kwenda kupanda teksi, maana ghala ninalolilinda liko Midrand. Wanaume wawili, kisu kimoja. Nikaitoa kama nilivyojizoeza. Lakini mwenye kisu hakukimbia. Aliifungua palepale, nami nikarudi nyuma hatua moja, kwa kuwa nilijua mle mna ishirini tu. Akachungulia. Akamtazama mwenzake.

"Sharp, baba. Hamba," akaniruhusu niende.

Nilicheka peke yangu hadi Midrand, nikijiona mjanja wa wajanja. Jioni, mbele ya mlango wetu, woga ukanirudia upya. Mke wangu alikuwa akisonga ugali.

"Wamechukua waleti uliyonipa," nikasema.

Aliacha mwiko, akanikagua toka kichwani hadi miguuni. "Balikupiga?" akauliza kwa Kiswahili cha kwao.

"Hapana."

"Balifungua ile waleti?"

"Walifungua. Wamekuta ishirini tu." Neno likiwa limeshatoka, nikajua nimejikamatisha mwenyewe.

"Hapana, papa. Balikuta mia mbili na ishirini." Akaurudia ugali wake. "Minajua siku nyingi ile njo ya bezi. Mwizi akikuta ishirini, anakasirikia mwili. Njo maana nilitiamo mia mbili."

"Ungeniambia."

"Na weye ungeniambia."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Mia mbili ni kichwa kizima cha nywele, saa sita za kusimama na miguu iliyovimba. Nami nilikuwa nimejisifu njia nzima.

Sasa nina waleti nyingine ya wezi, ya plastiki, nimeinunua mwenyewe. Huwa naiacha mezani usiku, naichukua asubuhi, na mkono unaipapasa hadi Midrand. Sijaifungua hata mara moja. Naogopa kukuta humo mia mbili nyingine, amesimama tena saa sita kwa ajili yangu.