Matanga ya Acayo

Acayo alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja pale Kisugu, Kampala, mke wa polisi, kwao Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Nilipofika kutoka Butembo, Kongo, na watoto watatu, Tresor ndiye mkubwa wao, mwaka ule wa Ebola, yeye ndiye aliyenipa sufuria ya kwanza. Kila asubuhi alisaga karanga na simsim uani, akiuza kwa vikombe. Sisi wapangaji tulimwita afande, maana alituamrisha kuliko mumewe Okwera.

Juni 2021 televisheni ikaniingia kichwani. Kila jioni walisoma idadi ya waliokufa kwa korona, wakaonyesha wagonjwa wamelala chini wakisubiri oksijeni. Hata nilipozima, bado niliwaona. Watoto niliwanawisha kwa maji ya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, mpaka Bénit, mdogo wao, akachubuka vidole. Alilia, sikuacha.

Kisha siku moja Acayo hakutoka kusaga. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, sigiri yake ya makaa haina moto. Kesho yake hivyo hivyo. Kupitia ukutani nilisikia sauti iliyokauka na pumzi inayokatikakatika. Ningeweza kugonga ukuta nikamuuliza ana nini. Badala yake nilimpigia simu mwenyekiti wa mtaa.

Walikuja mchana, wahudumu wa afya watatu wamevaa nyeupe mwili mzima. Watoto walipanda juu ya ndoo kutazama. Acayo alitolewa bila viatu, macho yamevimba, akirudia kwamba haumwi, amefiwa. Hawakumsikiliza. Alipopita mlangoni kwangu, nilivuta pazia.

Baada ya siku mbili alirudishwa. Hakuwa na ugonjwa. Mwenyekiti alitueleza kwamba mama yake alizikwa Kitgum siku ile aliyoacha kusaga. Safari za wilaya hadi wilaya zilikuwa zimekatazwa, Okwera alikuwa kazini Karamoja, basi alijifungia akalia peke yake.

Mimi nimekulia Butembo. Kwetu nyumba yenye matanga haiwashi moto, majirani ndio wanaopika na kuleta. Nilijua hilo tangu utoto, na sigiri yake nilikuwa nimeiona baridi siku mbili.

Nilisonga ugali, nikapika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, nikaenda kubisha. Alipofungua nilimwambia kabla ya salamu kwamba simu ilikuwa yangu.

"Najua," alisema. "Mwenyekiti alinitajia. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Unisamehe, afande."

"Ulinisikia nikilia?"

"Nilikusikia."

"Ukafikiri ni kifua."

Nilimnyooshea sahani ya chakula. Aliipokea, akaiweka mezani bila kuifunua. Alikaa kwenye mkeka.

"Ingia, Mama Tresor. Kama unaogopa, kaa pale mlangoni."

Nilikaa mlangoni, kwa sababu bado niliogopa.