Siku nilisema "hold on" kwa Bana Mutale

Nilitoka Kongo bila Kingereza, sasa nauzisha samaki mukavu hapa Kashikishi, Zambia. Kila nikienda ku biro, karani anasema "hold on" mu telefone, anaiweka ku meza, anaenda zake. Nikajisemea, kumbe hivyo ndivyo wasomi wanakata telefone kwa heshima!

Jana Bana Mutale, ndiyo kusema mama ya Mutale, mununuzi wangu mukubwa, akanipigia kulalamika, samaki tena hakumupendeza. Nikasema "hold on" na sauti ya kizungu, nikaweka telefone juu ya kitunga, nikageukia jirani yangu: "Huyu mama! Angechagua bwana vile anachagua samaki, hangeolewa na yule wa sura ya kambale!"

Sauti ikatoka ku kitunga: "Mama Furaha, bwana iko hapa pembeni yangu. Anakusalimia."