Lipu ya Baraza la Zamani

Mimi ni fundi mwashi na nina hasira za karibu, yeyote kijijini kwetu huku Mkalama atakuambia. Niliposikia baraza la zamani litabomolewa, nilisimama mkutanoni nikasema nipeni mimi nilikarabati. Jengo lile babu zetu walilijenga kwa matofali mabichi. Likawa mahakama, kisha ghala la mahindi, kisha makao ya popo. Sisi tulitaka liwe kliniki ya wajawazito. Mtoto wetu wa pili alizaliwa njiani, tukielekea hospitali Nduguti kwa bodaboda, na siku hiyo sipendi kuisimulia.

Mhandisi wa wilaya alituambia wazi: kabla ya mvua atakuja kukagua. Akikuta unyevu au ufa ukutani, linavunjwa, na hakuna ahadi ya lingine.

Nikapiga lipu ya saruji, ndani na nje. Nani angeniambia nini? Udongo ni wa banda la mbuzi, bwana, saruji ndiyo kazi. Wiki ya kwanza mke wangu aliniletea chai akasema, "Mama anasema ukuta ule haupatani na saruji. Utaoza." Mama yake, alipokuwa msichana, alikuwa kwenye kundi la wanawake waliokandika kuta zilezile kwa udongo. Nikamjibu, "Mwambie mama apike ugali, ujenzi una wenyewe."

Mama mwenyewe asingeweza kunifuata. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Tukikutana njiani, mmoja anachepuka, na salamu natoa nimegeukia pembeni. Neno lake kwangu hupitia kwa binti yake, nami nilikuwa nimelirudisha namna hiyo.

Zilipobaki wiki tatu kabla ya ukaguzi, kipande cha lipu kikadondoka chenyewe, kikubwa kama mlango. Nikagusa tofali lililokuwa nyuma yake. Kidole kikazama. Saruji ilikuwa imefungia ndani unyevu unaopanda kutoka ardhini, na ukuta ulikuwa unalainika kimyakimya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa navunja kliniki nzima. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu niliogopa.

Jioni nikaenda kwa mkwe. Nikasimama nyuma ya kihenge cha mtama, nimempa mgongo, mke wangu katikati yetu.

"Mwambie mama nimekosea. Mwambie naomba anisaidie."

Nikasikia anaendelea kupepeta mtama wake mpaka ukaisha. Kisha akamwambia binti yake, "Aibandue saruji yote. Na tukianza kukandika, asionekane pale."

Nilielewa. Kukandika ni kupandisha khanga na kukanyaga tope, asingeweza kufanya hivyo mbele yangu. Nikabandua saruji siku sita, kisha nikafukuzwa kwenye kazi yangu mwenyewe. Nilikaa barabarani nikiwatazama wanawake wakipita na ndoo za udongo wa kichuguu na samadi ya ng'ombe. Mawingu yakikusanyika upande wa Iramba, nilikuwa naacha chakula sahanini. Kila asubuhi nilimuuliza mke wangu, "Unakauka?" Naye alinijibu, "Unakauka. Hebu kula."

Mhandisi alifika watu wakiwa wamejaa uwanjani. Aligonga kuta zote, akachokonoa kwa msumari chini kabisa, pale unyevu huanzia kupanda. Akatoka, akaweka fomu juu ya meza.

"Pakavu. Jengo libaki," alisema. "Fundi aliyepiga lipu hii aweke sahihi hapa."

Macho yote yakanigeukia mimi. Nikashika kalamu, na nakiri, nilitamani kusaini. Nikaiweka chini.

"Fundi ni mama mkwe wangu," nikasema. Wazee wakaguna.

Mhandisi hakujua mila zetu. "Basi aje," akasema, na alipoambiwa mama hajui kuandika, akanikabidhi pedi ya wino nimshikie. Mke wangu akanyoosha mkono aichukue. Mama akamzuia. Akaja akasimama mbele yangu, akachovya dole gumba, akagandamiza kwenye fomu, kisha akainua uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi."

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na siku hiyo ndipo nilipojua kwamba macho ya mke wangu ni ya mama yake.