Maharage ya Ijumaa Kuu

Agatha wa Mpimbwe alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, nacho ni upishi wake. Kila Ijumaa Kuu ndiye aliyepika maharage ya waumini waliotoka vigango vya mbali kuja kwenye Njia ya Msalaba. Mwaka 1996 nusura anyang'anywe jiko hilo mbele ya watu.

Aliyeanzisha ugomvi ni Marsela, mwenyekiti wa kina mama wa parokia. Alionja mchuzi, akautema jivuni, akamgeukia Agatha.

"Mama Gabrieli, hii ni nyama."

"Ni maharage, mwenyekiti."

"Umetia vile vidonge vya mchuzi vya Mpanda, vyenye picha ya ng'ombe. Leo, siku ya mateso ya Bwana. Utapiga magoti kanisani uombe msamaha, la sivyo jiko hili huligusi tena."

Vidonge hivyo Agatha hakuwahi hata kuvinunua. Alikuwa ametia uyoga wa porini alioukausha mwenyewe, akautwanga pamoja na nyanya za kuanikwa. Na kemia yake si ya kutisha. Kinachoufanya ulimi useme "nyama" ni kitu kiitwacho glutameti, na ng'ombe hakukihodhi peke yake. Kimo kwenye nyanya iliyoiva. Kimo kwenye uyoga, na uyoga mkavu una kitu kingine tena cha kukipa nguvu. Hata wenye viwanda vya vidonge hukipata kwa kuchachusha molasi ya miwa, kisha wakakichanganya na chumvi na mafuta, wakachora ng'ombe kwenye karatasi. Marsela alikuwa anagombana na picha.

"Magoti sipigi," alisema Agatha. Ilikuwa hasira tupu. "Maharage yaliyochemshwa bado yapo. Naunga upya. Kaa hapo uangalie."

Wenzake wakamsihi aombe radhi yaishe. Akakataa katakata. Kosa hakulifanya, magoti ya nini?

Marsela mwenyewe aliteka maji, akasugua sufuria, akampekua Agatha mpaka kwenye pindo la kanga. Yakaingia maharage, ukaingia unga wa uyoga na nyanya, ikaingia chumvi. Watu waliotoka kwenye Njia ya Msalaba walikuwa wameshajipanga mlangoni, njaa imewakaba, wanasikia kila neno.

Marsela akaonja. Akaonja tena. Kijiko cha tatu hakuna aliyemtuma.

"Bado kuna utamu wa nyama," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ya kufunga hatupiki hivi. Kuanzia leo uyoga usitiwe."

Agatha alichota sahani ya kwanza, akampa mzee aliyekuwa mbele.

"Nyama nimeiacha kama nilivyoambiwa, ila ulimi nimekuja nao. Kama utamu huu ni dhambi, mwenyekiti, mshitaki aliyeumba uyoga. Saa tisa tunakwenda kuubusu msalaba. Mwambie hapo hapo."