Ufuo Uliotaka Bamvua

Juzi mjukuu wangu hapa Kilimani alinionyesha kwenye simu vijana wamesimama juu ya mbao, wimbi likiwasukuma mpaka ufuoni. "Nyanya, hii si kwenu? Twende Disemba, siku hizi gari inafika mpaka mchangani." Niliutambua ufuo ule. Nikamwambia nimechoka, na kweli nimechoka.

Ngoja nikueleze, mwenzangu. Miaka ya sabini tulikaa Ngara, watu wa pwani tulioletwa Nairobi na kazi ya baba, karani wa mjini. Jumamosi zamu yangu ilikuwa kusugua sakafu ya saruji. Nikishamwaga maji ya sabuni, nalalia kifuniko cha kreti na kujisukuma mpaka ukutani, huku mama akifoka kutoka jikoni alikokaanga bajia. Nyanya, mama yake baba, alicheka tu na kunirekebisha: kidevu juu, miguu pamoja. Yeye mwenyewe utotoni aliyapanda mawimbi hivyo hivyo, na aliniahidi kunifundisha pale pale kwao kabla hajafa.

Tatizo ni kwamba ufuo ule ulikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari, na daraja halikuwapo. Watu walivuka kwa miguu, tena siku za bamvua tu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapokupwa kabisa. Kila jioni nyanya alitoka uani kuutazama mwezi, kisha akamwambia baba aombe likizo lini. Mwaka ule mkubwa wa ofisi akampa baba siku chache alizotaka mkubwa mwenyewe, si zile za nyanya. Baba akasema bahari ni bahari, twendeni.

Tukaangukia maji mafu, siku za nusu mwezi ambapo bahari haipwi sana. Kila asubuhi tulifika ukingoni, na maji hayakushuka chini ya kifua. Baba alitaka kumbeba mgongoni. Nyanya akakataa, kwao hendi kama gunia. Tukaketi na kile kifuniko, tukiyasikia mawimbi upande wa pili.

"Maji yakijaa hupwa," aliniambia. "Mwaka ujao tutazame mwezi kwanza."

Mwaka ujao haukumkuta.

Sasa nimestaafu, hakuna wa kuninyima ruhusa, na barabara ipo. Jioni bado natoka kibarazani kuutafuta mwezi kati ya maghorofa. Jana ulikuwa mpevu. Asubuhi ya leo pale kwetu maji yamekupwa, njia i wazi, na yule niliyetaka kuvuka naye hayupo.