Siku Kompyuta Ilipolemewa na Ukimya

Nilikuwa fundi msaidizi kwenye studio ya chumba kimoja Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori. Mwenye studio aliuza pia spea za magari. Alikuwa mtu wa Tanga. Kompyuta yake ya kwanza iliuawa na virusi vya flashi za wateja, kwa hiyo hii ya pili akaiwekea mfumo wa Linux na kunikataza kugusa mipangilio. "Rekodi, hifadhi, basi," alisema. Nilimwogopa yeye, na kompyuta yenyewe niliiogopa zaidi.

Asubuhi hiyo alivuka mpaka kwenda Nakonde kufuata mzigo, akaniachia kazi moja. Kwaya kutoka milima ya Ileje ilikuwa imesharekodiwa, ikabaki sauti ya mama aliyekuwa anaongoza nyimbo. Alikuja na mumewe. Alipofungua skafu shingoni nikaona rovu, uvimbe wa shingo mkubwa kama ngumi.

"Kesho nalazwa Mbeya," akaniambia. "Wananipasua. Daktari kasema mshipa wa sauti uko pale pale, naweza kuamka sina sauti." Alijaribu kucheka, akaikunjakunja ile skafu. "Leo nichukue vizuri, binti yangu."

Nikamvalisha hedifoni, nikabonyeza kitufe chekundu. Aliimba ubeti wa kwanza safi kabisa. Akanyamaza kusubiri kwaya ipite, na alipoanza ubeti wa pili sauti ikatatarika kama mafuta ya kikaango. Kwenye kioo, kipimo cha mzigo wa prosesa, ubongo wa kompyuta, kilikuwa kimefika juu kabisa. Nikasimamisha.

"Kuna nini?" akauliza mumewe.

"Kitu kidogo tu, baba." Nilikuwa nadanganya.

Nikafungua ubavu wa kompyuta, nikapuliza vumbi la feni. Nikafunga programu nyingine zote. Tukarudia, ikatatarika tena. Nikaiongezea nafasi ya kuhifadhi sauti kabla ya kuitoa, ili prosesa ipate kupumua. Hapo mama akawa anaisikia sauti yake kwa kuchelewa, akapotea kwenye mdundo. Kila tulipoanza upya alishika shingo na kuvuta pumzi kwa shida. Nikajua hana mara nyingi zilizobaki.

Nikampigia bosi. Hakupatikana.

Nikaanza kuzima plagini, zile programu ndogo za kurekebisha sauti, mojamoja. Nilipozima ile ya mwangwi, kipimo kikaanguka chini. Nikashukuru Mungu, nikamwambia aimbe. Mstari mmoja tu, akavua hedifoni, macho yamemtoka.

"Hii siyo sauti yangu. Ni kavu." Akamgeukia mumewe, wakasemezana kwa Kindali cha kwao, kisha akaniuliza polepole, "Imeshaanza kuondoka?"

Sijawahi kuulizwa swali lililonitisha kama lile. Nikamwambia hapana mama, ni mashine, sauti yako iko pale pale. Nikaurudisha mwangwi. Nikamwomba akae anywe maji, na mimi nikakaa kukitazama kile kipimo huku wimbo ukipita wenyewe pamoja na sauti aliyokwisha kurekodi.

Ndipo nikaona. Sauti yake ilipokuwa inapita, kipimo kilitulia. Aliponyamaza, kilipanda. Kompyuta ilikuwa inaelemewa pale ambapo hapakuwa na kitu! Kwenye sauti yake tulikuwa tumeweka plagini ya kukata kelele za malori, na aliponyamaza ilikata kila kitu, ukabaki ukimya mtupu. Mwangwi uliendelea kufifia ndani yake, namba ambazo kompyuta huhesabia sauti zikawa ndogo, zikawa ndogo mno, na prosesa ikawa inahangaika na vipande visivyosikika kwa sikio lolote.

Kwenye mipangilio palikuwa na kisanduku cha kuamuru namba hizo zihesabiwe sifuri. Bosi aliwahi kunipitisha haraka kwenye ukurasa ule, akisema nikiharibu hapo nitafute kazi nyingine. Nikaweka alama, nikafunga programu, nikaifungua. Zile sekunde za kusubiri kazi ya kwaya ionekane tena kwenye kioo nilizihesabu mojamoja.

Ikaonekana. "Tujaribu, mama."

Aliimba wimbo wote mara moja, mwanzo hadi mwisho, mumewe amesimama mlangoni kainamisha kichwa. Kipimo hakikupanda. Nikahifadhi mara tatu, sehemu tatu tofauti.

Bosi aliporudi nilimweleza kila kitu. Alikikagua kile kisanduku, akaguna, akaenda kupanga spea zake.

Baada ya wiki kadhaa mume alikuja peke yake kuchukua CD. Nilichelewa kumuuliza, kwa kuogopa jibu.

"Yuko nyumbani. Kidonda kimefunga," akasema. "Ila anaongea kwa kunong'ona. Daktari kasema tusubiri."

Nikaiweka CD ili aihakiki. Sauti ya mkewe ilipofika neno la tatu, aliinua mkono.

"Zima, binti. Nitasikiliza naye."

Akaifunga kwenye gazeti, akaitia ndani ya koti, akatoka kwenda kutafuta gari la Ileje.